KUPIMA TANGA LA MASHUA NA KUSOMA NAMBA ZAKE

Watu wengi wa vijiji vilivyo karibu na migodi hawajapata kuona tanga kwa macho yao. Wanajua mihogo na mahindi, wanajua lori na jembe. Lakini samaki mkavu anayeuzwa sokoni, ndagala na mikebuka, wengi wametoka katika ziwa Tanganyika, na huko ziwani kazi yote ni ya mashua. Reli ilifika Kalemie, mji ulioitwa zamani Albertville, mwaka 1915. Tangu siku zile watu na samaki wanakwenda na kurudi kati ya ziwa na migodi. Basi hakosekani mtu aliyeweka akiba ya mshahara wake, akaenda kwa shemeji zake ziwani ili wanunue mashua pamoja. Mtu huyo ndiye tunayemwandikia somo hili.

Labda utasema: «Siku hizi mashua zina mashine.» Ni kweli. Lakini mashine hununuliwa mara moja, na mafuta hununuliwa kila siku. Mwenye tanga zuri anaweza kurudi nyumbani hata mafuta yakiisha. Mwenye tanga baya, au tanga kubwa kupita nguvu za mashua yake, anaweza kupoteza mzigo wake wote, na watu wake pia. Mara nyingi ubaya huo unaanza siku ya kununua, kwa sababu mnunuzi hakujua kupima na aliamini namba aliyoambiwa.

Jifunze kwanza majina machache. Kitambaa kinachokamata upepo ni tanga. Mti uliosimama ndani ya mashua ni mlingoti. Mti ambao tanga la pwani hufungwa juu yake, nao hupandishwa pamoja na tanga, ni foromali. Kamba ya kupandisha ni henza. Kupandisha tanga ni kulitweka, kulishusha ni kulitua. Kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, ambayo nahodha huivuta au huilegeza, ni demani. Mbele ya mashua panaitwa omo. Majina haya yatosha kwa leo.

TANGA NI KAMA SHAMBA LA PEMBE TATU

Shamba unajua kulipima. Ukiwa na shamba la metre 8 kwa urefu na metre 3 kwa upana, unazidisha 8 kwa 3, unapata metre mraba 24. Metre mraba moja ni mahali penye metre moja kila upande. Sasa chukua kamba, uivute toka pembe moja ya shamba hata pembe inayoielekea. Shamba limegawanyika mara mbili, na kila nusu ina pembe tatu. Kila nusu ni metre mraba 12. Hiyo ndiyo hesabu yote ya tanga: zidisha urefu kwa upana, kisha ugawanye kwa 2.

Lakini angalia neno moja. Hesabu hii ni kweli tu kama pande mbili ulizozipima zinakutana kwa pembe iliyonyoka, kama pembe ya nyumba iliyojengwa vizuri. Tanga la mashua za mtindo wa Ulaya liko karibu na hivyo: upande mmoja unafuata mlingoti, upande wa pili unafuata mti wa chini uliolala, na pembe yao imenyoka au karibu kunyoka.

Tanga la pwani si hivyo. Tanga hili lililetwa kwenye ziwa Tanganyika na wafanya biashara Waarabu na Waswahili waliokaa Ujiji katika karne ya 19. Pande zake tatu zinapishana urefu, wala hazina pembe iliyonyoka. Ukizidisha pande zake mbili tu, utapata hesabu ya uongo, na uongo huo kila mara unamfaa muuzaji, kwa maana unaongeza tanga. Fanya hivi. Litandaze tanga chini, mahali pakavu pasipo miiba. Pima upande mrefu, ule unaofungwa kwenye foromali. Kisha nenda kwenye pembe inayouelekea, uvute kamba toka hapo mpaka upande mrefu, kwa njia ya mkato ulio mfupi kuliko yote. Kamba ile fupi ndiyo upana wa kweli. Tuseme upande mrefu ni metre 9, na kamba fupi ni metre 5. Zidisha, upate 45. Gawanya kwa 2, upate metre mraba 22 na nusu.

Kama tanga limekatwa pembe ya mbele, likawa na pembe nne, usihangaike. Vuta kamba toka pembe hata pembe, uligawe liwe mapande mawili yenye pembe tatu, upime kila pande peke yake, kisha ujumlishe.

Tena, usipime kwa mkono wala kwa pima ya kunyoosha mikono miwili. Pima ya mtu mrefu si pima ya mtu mfupi, na wauzaji wa kitambaa wamejua jambo hili tangu zamani za biashara ya amerikani. Tumia utepe wa chuma. Ukikosa utepe, tumia kamba isiyorefuka, uipime kwanza kwa metre ya seremala. Kamba ya nailoni hurefuka ikivutwa. Kwa kazi ya kupima haifai.

HERUFI NNE ZA WAPIMAJI

Ukikutana na mtu anayeuza mashua ya mtindo wa Ulaya, au tanga lake kuukuu, huenda atakuonyesha karatasi yenye herufi nne: P, E, I na J. Si siri. Wapimaji wa nchi nyingi wamepatana kuzitumia ili fundi aliye mbali aweze kushona tanga bila kuiona mashua.

Herufi P ni urefu wa tanga kubwa kwenye mlingoti, toka mahali pa chini tanga linapofungwa hata mahali pa juu linapoweza kufika. Herufi E ni urefu wa mti wa chini, toka mlingoti kwenda nyuma, mpaka mwisho ambao tanga linaweza kuvutwa. Hizo mbili ni za tanga kubwa. Mfano wetu wa shamba ulikuwa P metre 8 na E metre 3.

Herufi I na J ni za tanga la mbele. Mashua hizi zina waya unaoshuka toka juu ya mlingoti hata omo. I ni urefu toka sakafu ya mashua kwenda juu hata mahali pa waya huo kwenye mlingoti. J ni umbali wa chini, toka mbele ya mlingoti hata mahali waya unapofungwa omo. Ikiwa I ni metre 9 na J ni metre 3, nafasi ya pembe tatu iliyo mbele ya mlingoti ni 27 gawanya kwa 2, yaani metre mraba 13 na nusu.

Sasa angalia vizuri, kwa maana hapa wengi wanajikwaa. Herufi hizi nne hazipimi kitambaa. Zinapima nafasi ya mashua ambamo kitambaa kitakaa. Ni kama tofauti ya mlango na mtu anayepita mlangoni. Tanga la mbele laweza kuwa dogo kuliko nafasi yake, au likapita nyuma ya mlingoti na kuwa kubwa kuliko nafasi. Ndiyo maana wafundi wanasema «tanga la mia na hamsini kwa mia». Maana yake: wamevuta kamba fupi toka pembe ya nyuma ya tanga hata upande wake wa mbele, wakaona ni metre 4 na nusu, wakati J ni metre 3. Tanga limezidi J kwa nusu yake. Anayekuambia «mia na hamsini» hajakuambia metre hata moja. Ni lazima umwulize J ni ngapi.

Na tanga kubwa vilevile. Kama P ya mashua yako ni metre 8, usinunue kitambaa chenye urefu wa metre 8 kamili kwenye mlingoti. Kitambaa hurefuka kikivutwa na henza, na tanga lisilovutwa vizuri linajaa mikunjo. Basi kitambaa lazima kiwe kifupi kidogo kuliko P. Kikiwa kirefu kuliko P hakitatwekwa sawasawa, na utakuwa umenunua turubai ya kuanikia mihogo kwa bei ya tanga.

Jinsi ya kupima P wakati mlingoti umesimama: funga mwisho wa utepe kwenye henza, uupandishe mpaka juu, usome namba chini. Lakini kwanza funga kamba nyingine ndogo kwenye mwisho uleule, ya kuurudisha utepe chini. Ukiisahau, utepe utabaki juu, nanyi mtapatana nani ataparamia.

Ukitaka kushona tanga jipya, hesabu ya metre mraba ndiyo itakuambia ununue kitambaa kiasi gani. Kitambaa chenye upana wa metre 1 na nusu kwa tanga la metre mraba 12: gawanya 12 kwa 1 na nusu, unapata metre 8. Lakini hizo 8 hazitoshi. Kitambaa hukatwa kwa mshazari, vipande vya pembeni vinabaki. Pindo zinakula, maungio yanakula, na kila pembe hutiwa vitambaa viwili au vitatu ili isiraruke. Mwulize fundi kabla ya kulipa, si baada yake.

NGUVU YA UPEPO

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake tunapima. Mtu asiyejua hudhani kwamba tanga kubwa ni mali, na tanga dogo ni umaskini. Si hivyo.

Upepo wa kilometre 18 kwa saa, ambao ni upepo mzuri wa safari, ukilipiga tanga uso kwa uso unasukuma kila metre mraba kwa uzito wa kilo 1 na nusu hivi. Upepo ukiongezeka mara mbili, ukawa kilometre 36 kwa saa, je, nguvu itakuwa kilo 3? Sivyo. Itakuwa kilo 6. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Upepo wa kilometre 54, yaani mara tatu, nguvu inakuwa mara tisa: kilo 13 na zaidi kwa kila metre mraba.

Chukua tanga letu la metre mraba 12. Asubuhi, kwa upepo wa kilometre 18, linasukumwa na kilo 18, kama mtoto mdogo. Mchana, kwa upepo wa kilometre 36, ni kilo 72, mtu mzima. Kwa kilometre 54 ni kilo zaidi ya 160, watu wawili wazima na mizigo yao. Na watu hao hawakukaa chini ya mashua; ni kama wanasukuma mlingoti kwa ubavu, huko juu. Kwenye ziwa Tanganyika upepo wa kusini ndio wenye nguvu wakati wa kiangazi, toka mwezi wa 5 hata mwezi wa 9, na ziwa lenyewe lina urefu wa kilometre zaidi ya 650, toka kusini hata kaskazini. Upepo unaosafiri mbali hivi juu ya maji bila kizuizi unayainua mawimbi makubwa. Mashua ile iliyotoka asubuhi kwa amani yaweza kukutana na mchana mwingine kabisa.

Kuna jambo la pili, ambalo namba ya metre mraba peke yake haikuambii. Ni wapi upepo unasukuma? Katika tanga la pembe tatu, moyo wa nguvu uko kwenye theluthi ya urefu, ukianza chini. Linganisha matanga mawili. La kwanza lina P metre 8 na E metre 3. La pili lina P metre 6 na E metre 4. Yote mawili ni metre mraba 12, na muuzaji anaweza kukuambia kwa haki kwamba ni sawasawa. Lakini la kwanza linasukumwa kwenye metre 2 na santimetre 67 juu ya mti wa chini, na la pili kwenye metre 2 tu. Upepo uleule, kitambaa kilekile, lakini la kwanza linaipindua mashua kwa nguvu zaidi kwa theluthi nzima. Tanga refu ni zuri kwa mashua yenye uzito chini, kwa mwenye mkono hodari. Kwa mashua iliyojaa magunia na akina mama wanaokwenda sokoni, chukua tanga fupi na pana.

Kwa sababu hiyo matanga mazuri yana mistari ya kamba ndogo zilizoshonwa juu ya kitambaa, sehemu ya chini. Upepo ukizidi, nahodha analitua tanga kidogo, anakunja sehemu ya chini, anaifunga kwa kamba zile. Huko ndiko kupunguza tanga. Hesabu yake itakushangaza. Chukua tanga la P 8 na E 3, ukunje robo ya urefu wake. Inabaki metre 6 za urefu. Lakini upana nao umepungua kwa robo, kwa sababu tanga ni jembamba kwa juu: inabaki metre 2 na santimetre 25. Zidisha, gawanya kwa 2: inabaki metre mraba 6 na robo tatu. Umekunja robo ya urefu, umeondoa karibu nusu ya tanga! Tena moyo wa nguvu umeshuka hata metre 2. Nguvu ya kupindua sasa haifiki nusu ya ile ya kwanza. Ukinunua tanga kuukuu, liangalie kama lina mistari hiyo, na kama kamba zake ni nzima. Mimi ningelikataa tanga jipya lisilo na mistari kabla ya kulikataa tanga la kiraka lililo nayo.

Mfano wa jambo hili uko katika mashua moja ndogo inayojulikana dunia nzima, inayoitwa Laser. Ilichorwa na mtu wa Kanada, Bruce Kirby, mwaka 1969. Ni ya mtu mmoja au wawili, ina urefu wa metre 4 na santimetre 20 hivi. Mwili wa mashua ni mmoja, lakini matanga yake ni ya namna tatu: moja la metre mraba 7.06, moja la metre mraba 5.76, na moja la metre mraba 4.7. Ukitaka kubadili, unabadili kitambaa na kipande cha chini cha mlingoti, basi. Mtu mzito huchukua kubwa, mtu mwepesi la katikati, na kijana la dogo. Wala si aibu: wanaume wameshindana kwa tanga kubwa katika michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1996, na wanawake kwa tanga la katikati tangu mwaka 2008. Hakuna anayemcheka mwenye tanga dogo. Wanamcheka aliyepinduka.

NAMBA ZINAZODANGANYA

Sikia sasa habari za majina yenye namba. Mtu anakuambia: «Hii ni mashua 470.» Unadhani tanga lake ni metre mraba 4 na 70? Sivyo, hapo namba ni urefu wa mashua, santimetre 470. Ilichorwa na Mfaransa André Cornu mwaka 1963. Lakini lile tanga dogo la Laser linaitwa 4.7, na hapo namba ni metre mraba za tanga. Namba zinafanana, maana hazifanani.

Tena kuna mashua zinazoitwa «metre 12». Zilikuwa na urefu wa zaidi ya metre 18! Basi hizo 12 ni za nini? Ni jibu la hesabu. Wapimaji walichukua urefu wa mashua, wakaongeza vipimo vya ubavu wake, wakaongeza kipeuo cha metre mraba za tanga, wakatoa kimo cha ubao ulio juu ya maji, wakagawanya kwa 2.37. Jibu lilipaswa kuwa 12, wala lisizidi. Kipeuo ni namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unarudi pale pale: kipeuo cha 144 ni 12. Kwa hesabu hiyo, aliyetaka tanga kubwa alilazimika kupunguza urefu wa mashua, na aliyetaka mashua ndefu alilazimika kupunguza tanga. Hakuna aliyepata yote mawili. Kwa mashua za namna hii Waamerika na wageni wao walishindania kikombe kinachoitwa America's Cup toka mwaka 1958 hata mwaka 1987. Waamerika walikuwa wamekishika kikombe kile kwa miaka 132, mpaka mwezi wa 9 mwaka 1983, huko Newport, mashua ya Australia iliyoitwa Australia II ilipoishinda Liberty ya Marekani mara 4 kwa 3. Zote mbili zilikuwa «metre 12». Zote mbili zilipita katika hesabu ileile.

NAMBA ZILIZOANDIKWA JUU YA TANGA

Juu ya tanga la Australia II paliandikwa KA 6, na juu ya Liberty paliandikwa US 40. Hapa tunafika kwenye namba ambazo watu wanaziona toka mbali wakadhani ni kipimo. Si kipimo hata kidogo. Ni kama namba ya lori: zinamtambulisha mwenyewe.

Tanga la mashindano lina alama tatu. Ya kwanza ni alama ya aina ya mashua. Kwa mfano aina iitwayo Star ina nyota, na zile za metre 12 zina namba 12. Ya pili ni herufi za nchi. Zamani zilikuwa herufi moja au mbili: K kwa Uingereza, KA kwa Australia, KZ kwa New Zealand, KC kwa Kanada, F kwa Ufaransa, B kwa Ubelgiji. Leo ni herufi tatu: GBR ni Uingereza, FRA ni Ufaransa, BEL ni Ubelgiji, KEN ni Kenya, TAN ni Tanzania. Ukiona tanga lenye KA au KZ, jua kwamba ni tanga la zamani, au la mashua inayotunza desturi ya zamani. Alama ya tatu ni namba ya mashua yenyewe, ambayo hutolewa na chama cha mashua za nchi, au na chama cha aina ile. Sheria za mashindano zinatunzwa na chama cha dunia kilichoanzishwa Paris mwaka 1907, ambacho leo kinaitwa World Sailing.

Namba huandikwa pande zote mbili za tanga, lakini si kwa kimo kimoja. Za upande wa kuume ziko juu, za upande wa kushoto ziko chini yake. Hivyo jua likipenya kitambaa, namba za huku hazichanganyiki na za kule. Ukubwa wake nao una sheria: mashua ndogo isiyofika metre 3 na nusu ina namba zenye kimo cha santimetre 23 au zaidi, na mashua inayopita metre 11 ina namba za santimetre 45. Kwa zile Laser, ambazo namba zake zimekuwa ndefu hata tarakimu sita, tarakimu nne za mwisho huandikwa kwa rangi moja ya giza, na zile za mbele kwa rangi nyingine, kusudi mwamuzi aliye mbali asome nne za mwisho kwanza.

Haya yanakuhusu nini wewe, ambaye hutashindana na mtu? Yanakuhusu siku ya kununua tanga kuukuu. Namba ile ni ya mashua ya kwanza, si yako. Haisemi ukubwa, haisemi umri wa kitambaa, wala haisemi kwamba muuzaji ni mwenyewe. Namba iliyoandikwa kwenye ubavu wa mashua na katika karatasi zake ndiyo ya kuuliza. Ukiisha kulinunua, fumua namba za zamani au uzipake rangi, uandike alama ya mashua yako. Tanga likionekana linaelea baada ya dhoruba, watu watasoma namba iliyoko na kwenda kuuliza kwenye nyumba iliyoandikwa. Na ikiwa namba ni ya mtu mwingine, matanga ya kilio yatawekwa katika nyumba isiyo yako, na wewe hakuna atakayekutafuta.

MASWALI YA KUJIPIMA

Fanya hesabu hizi pamoja na watoto wanaokwenda shule.

1. Mashua ina P metre 6 na E metre 2 na nusu. Nafasi ya tanga kubwa ni metre mraba ngapi? Jibu: 7 na nusu.

2. Muuzaji anasema tanga lake la pwani ni metre mraba 20, kwa sababu upande wa foromali ni metre 8 na upande mwingine ni metre 5. Wewe unavuta kamba fupi toka pembe inayouelekea, unaona ni metre 4. Tanga ni metre mraba ngapi? Jibu: 16. Zile 4 zilizozidi usizilipe.

3. Mtu anauza tanga la mbele «la mia na hamsini kwa mia», na mashua yako ina J metre 2. Kamba fupi ya tanga lake umeipima, ni metre 4 na nusu. Je, litakufaa? Jibu: Halikufai. Kwa mashua yako mia na hamsini ni metre 3. Lake lilishonwa kwa mashua yenye J metre 3.

4. Tanga la metre mraba 10 linasukumwa na kilo 15 kwa upepo wa kilometre 18 kwa saa. Upepo umekuwa kilometre 36. Litasukumwa na kilo ngapi? Jibu: kilo 60. Aliyejibu 30 arudie kusoma habari za upepo.